Siku Mkaguzi wa Bima Alipomkuta Bibi Msafi

Nimestaafu. Wenzangu ofisini walicheka nilipotumia neno hilo, wakasema mtu wa miaka thelathini na mmoja hastaafu, anaacha kazi tu. Haya, nimeacha kazi. Lakini nyinyi wadogo mnaonifuata, mnaovaa sasa ile sare ya zambarau iliyonibana kwapa miaka yote, mliniomba niwaandikie kazi hii ikoje. Mkitafuta habari za vyeo, hapa hakuna. Sikupandishwa, na mshahara mtaujua wenyewe mwisho wa mwezi, mtakapokuwa mmenyamaza wote ndani ya basi la kampuni.

Nilifika Dubai mwaka 2012 kutoka Kitale, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na kozi fupi ya kuangalia wagonjwa. Ajenti alisema nitafanya kazi hospitali. Hospitali yenyewe ilikuwa ofisi mtaa wa Al Mankhool, juu ya duka la fundi cherehani, na kazi ilikuwa kutumwa kwenye nyumba za watu kuwaangalia wazee wao waliopotewa na akili. Sikulalamika. Kulalamika kunahitaji nauli ya kurudi.

Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Sista Luz, muuguzi Mfilipino, mfupi, mwenye viatu vyeupe kuliko meno yangu. Alinitazama juu mpaka chini.

"Umewahi kumwogesha mtu mzima?"

"Nyanya yangu."

"Alikuwa anakupiga?"

"Hapana."

"Basi hujawahi."

Kila ninachokijua kuhusu kazi hii alinifundisha huyo mama. Alinifundisha kwamba mzee akisema anataka kwenda kwao, usimwambie kwao ni hapa. Mwambie tutakwenda, tunywe chai kwanza. Alinifundisha kung'oa vile vitufe vya kuwashia jiko nitembee navyo mfukoni, mzee asije akafungulia gesi. Alinifundisha kutundika kengele ndogo kwenye mlango wa nje, zile za kuvisha mbuzi, zinauzwa mtaa wa Satwa, maana mzee anayetaka kutoka hatakuaga. Na alinifundisha sahani. Mzee wa kwanza niliyepewa, baba mmoja wa Kipakistani aliyekuwa dereva wa malori, nilisema hataki kula, amegoma chakula. Luz akaja, akautazama wali mweupe kwenye sahani nyeupe, akaumwaga kwenye sahani nyekundu ya plastiki. Mzee akala wote.

"Hakugoma," Luz akasema. "Hakuuona."

Basi nunueni sahani nyekundu. Kampuni haitawanunulia.

Sasa nije kwenye bima, maana bila bima hamtaielewa kazi hii. Miaka ile ilikuja amri kwamba kila mwenye viza lazima awe na bima ya afya. Tulifurahi sana, mimi pia. Mimba ya Neema wangu ilipoingia, nilijifungua kwa bima ya kazi ya mume wangu, ambaye ni askari wa ulinzi kwenye jengo la maduka. Siwezi kusema bima ni kitu kibaya. Lakini sikilizeni inavyogawa mambo. Kuna uangalizi wa kitabibu, na kuna uangalizi wa kawaida. Kumfunga mtu bandeji ni kitabibu, bima inalipa. Kumzuia mtu asitembee uchi mpaka barabara kuu ni kawaida, hiyo jilipie. Mzee aliyepotewa na akili hana kidonda. Mwili ni mzima, unatembea, unakula. Kwa hiyo karibu kila kitu anachohitaji ni cha kawaida, na cha kawaida ndicho ghali, kwa sababu ni mtu mzima kukaa hapo mchana kutwa.

Mwaka 2016, Neema akiwa ameanza kutembea, nilipelekwa mtaa wa Al Twar, kwenye fleti ya vyumba viwili ya Bi Salma. Kampuni ilinichagua mimi kwa sababu alitaka mwenye Kiswahili. Yeye alikuwa amefanya kazi ofisi ya tiketi za ndege miaka mingi, hakuwahi kuolewa, na aliishi na mama yake, Bi Zuwena, ambaye sote tulimwita Bibi. Bibi alitoka Unguja zamani na mumewe, Salma akiwa mtoto wa kubebwa. Mume alifariki, Bibi akabaki kwa viza ya binti yake na bima iliyotokana na kazi ya binti yake. Sokoni alikuwa anajibishana Kiarabu na wauza samaki mpaka wanamkimbia. Ugonjwa ulipokuja, Kiarabu ndicho kilichotoka kwanza. Kikabaki Kiswahili cha kwao peke yake.

Changu kilimchekesha. Siku ya kwanza nilimwambia, "Shikamoo Bibi, mimi nimekuja kukusaidia."

"Marahaba mwanangu. Hebu sema tena."

Nikasema tena. Akacheka mpaka akashika ubavu. "Salma! Huyu mtoto Kiswahili chake mbona kama anaamrisha gwaride?"

Nilimpenda hapo hapo. Luz alinionya nisiwapende, kwa hilo sikumsikiliza.

Msidhani ilikuwa rahisi. Bibi alikuwa akiamka anatafuta mtoto aliyefariki kabla Salma hajazaliwa. Alikuwa akinificha viatu vyangu ndani ya friji. Kuna siku alinipiga na mwiko kwa sababu aliniona ni mwizi, halafu akaniuliza nani kaniumiza, akanipaka mafuta ya nazi mahali pale pale. Alijikojolea, na aibu ilimfanya azifiche nguo chini ya godoro. Usiku Salma alishika zamu, asubuhi mimi. Kila asubuhi niliposhika kitasa cha mlango ule nilimkuta Salma amesimama tayari na mkoba, macho mekundu, na basi lake linaondoka.

Mwanzo bima ililipa, kwa kuwa Bibi alikuwa ametoka kulazwa kwa homa ya mapafu, na waliidhinisha mtu wa kumwangalia nyumbani. Idhini ilipokaribia kwisha, wakasema watamtuma mkaguzi aje aone kama bado anahitaji. Salma alipopata habari alinishika mkono jikoni.

"Mama Neema, wakikataa, mie sina uwezo wa kukulipa. Wallahi sina. Na n'kiacha kazi nikae na mama, viza yangu imekwisha, yake imekwisha, bima imekwisha. Tutakwenda wapi? Unguja hatuna hata mlango."

Rudieni maneno hayo polepole, nyinyi wadogo, maana ndiyo hadithi nzima. Bima inatokana na kazi. Ili afanye kazi anahitaji mtu wa kukaa na mama. Mtu wa kukaa na mama bima haimtaki.

Siku ya mkaguzi ilipofika, nilifika nikakuta nyumba imefukizwa udi kama kuna harusi. Salma alikuwa ameomba ruhusa kazini. Maandazi yametoka motoni, vikombe vya wageni vimeshushwa kabatini. Akaniambia nimwogeshe Bibi vizuri, nimpake wanja, nimvishe ile kanga mpya.

Nikamwambia, "Dada Salma, mwache alivyo. Huyu mtu anakuja kuangalia ugonjwa."

Alinitazama kama nimemtukana. "Mgeni anakuja nyumbani kwangu, amkute mama yangu na nguo ya jana? Kwenu ndivyo mnavyofanya?"

Kwetu pia hatufanyi hivyo, huo ndio ukweli. Nikamwogesha. Alitoka anameremeta.

Mkaguzi alikuwa daktari wa Kimisri, mtu mzima, mpole, alivua viatu mlangoni bila kuambiwa. Aliuliza kwa Kiarabu, Salma akatafsiri. Bibi alikaa kwenye kochi kama mke wa balozi.

"Mama, leo ni siku gani?"

"Siku zote za Mungu, baba."

"Asubuhi umekula nini?"

"Alhamdulillah, hatulali na njaa. Wewe je, umekula? Salma, mbona mgeni hajapewa andazi?" Jina la Salma alilishika kwa sababu nililisema mimi dakika ile ile nikiomba sukari.

Daktari akamwonyesha Salma kwa kidole. "Na huyu ni nani?"

Bibi akamtazama Salma. Mimi nilikuwa namwona usoni, hakuwa na habari naye hata kidogo. Lakini mtu hakulii Unguja akashindwa kumjibu mgeni. Akatabasamu. "Huyu? Huyu si ndiye mwenyewe!"

Daktari akacheka alipotafsiriwa. "Habari za afya yako, mama?"

"Njema. Njema kabisa. Sisi hatujambo, habari za kwenu?"

Mtu wa pwani anajibu njema hata kama nyumba inaungua nyuma yake, ndiyo adabu. Ubongo unaweza kuisha wote ikabakia adabu. Salma alitafsiri kila neno, tena akilipamba, simwelewi hata leo. Sauti yake ilikuwa na furaha. Nadhani kwa nusu saa ile alikuwa amempata mama yake, na hakutaka kumtoa.

Majibu yalikuja: mgonjwa ni msafi, mchangamfu, anashiriki mazungumzo, anahitaji uangalizi wa kawaida. Hapana.

Nilimpelekea Luz. Alisoma, akavua miwani. "Mlimwogesha."

"Ndiyo."

"Wahindi wanawaogesha. Waarabu wanawaogesha. Sisi kwetu tunawapaka na manukato. Hakuna taifa nililokutana nalo hapa linalomwonyesha mgeni mama yake mchafu. Na fomu ile imetengenezwa kama vile watu wako tayari kufanya hivyo." Akaniambia kuna nafasi ya kukata rufaa, mkaguzi atarudi mara moja tu. "Safari hii msiguse kitu. Aje aone."

Kumweleza Salma ilinichukua siku nzima. Alikataa. Akalia. Akaniambia sina haya. Nikamwambia haya yangu niliiacha uwanja wa ndege. Jioni akasema sawa.

Basi asubuhi ya ukaguzi wa pili hatukugusa kitu. Bibi alikuwa na gauni la kulalia, limelowa tangu alfajiri, nywele zimetimka wazi. Kitanda kilinuka. Salma alisimama dirishani ametupa mgongo. Mimi mikono ilikuwa inaniwasha, kila dakika nataka kuchukua beseni. Kama mna roho, siku kama hiyo mtajua iko wapi.

Kengele ya mlango ikalia, daktari yule yule akaingia. Bibi akageuka, akaona mwanamume mgeni, na yeye kichwa wazi.

Hakusema njema. Alijishika nywele kwa mikono miwili, akatafuta kanga, hakuna. Akavuta kitambaa cha meza ajifunike, vikombe vikaja chini vyote. Akajikunja chini pale pale kwenye vipande, amejigubika kitambaa, anasema, "Nisitirini. Jamani, nisitirini. Nani kaniweka hivi?"

Daktari alianza kusema kitu. Salma akapita mbele yake kama hamwoni, akavua mtandio wake mwenyewe, akamfunika mama yake, akakaa chini naye.

"Khalas," akasema. "Ndugu yangu, ondoka. Khalas."

"Madam, sijamaliza maswali."

"Ondoka!"

Nilimfuata yule daktari mpaka kwenye lifti. Nilimwambia kwa Kiingereza changu cha kidato cha nne: umeona, si umeona? Akasema ameona, anasikitika sana, ana mama pia. Nikarudi nikidhani tumepata.

Majibu yalisema tathmini haikukamilika kwa sababu familia haikutoa ushirikiano. Na wakaongeza, sikilizeni, kwamba mgonjwa alionyesha kutambua hali yake na mazingira yake, kwani alijisitiri mwenyewe alipoona mgeni. Hapana ya pili. Hakuna ya tatu.

Niliusoma mstari ule mara mbili. Wangemkuta amekaa wazi hajali, wangelipa. Aliona aibu, kwa hiyo ni mzima.

Kampuni ikanihamisha wiki ile ile. Salma akafanya alichoweza. Jirani alichungulia siku mbili tatu, akachoka. Dada wa kazi wa kulala ndani, Salma hakuwa na pa kumlaza wala cha kumlipa. Mwishowe akawa anamfungia mama yake ndani. Anamwachia chai kwenye chupa, mkate, redio, anafunga na funguo, anakwenda kazini. Ile kengele ya mbuzi niliyokuwa nimeitundika mlangoni ikawa haina kazi. Alipiga simu kila mapumziko, simu ikaita tu, maana Bibi alikuwa amesahau kwamba kitu kinacholia kinapokelewa.

Siku zangu za mapumziko nilikwenda na Neema, Salma alinipa ufunguo. Siku nyingine zote sikuwepo. Nina mtoto, najua ninachosema: mimi nikimfungia Neema ndani peke yake niende kazini, jirani ataita polisi, na atakuwa amefanya vizuri. Mzee wa akili ile ile akifungiwa, watu wanakuambia pole, familia inajitahidi.

Haukupita muda mrefu. Salma alirudi akamkuta sakafuni bafuni, nyonga imevunjika. Tangu saa ngapi, hatujui. Alikuwa amejaribu kufua gauni lake.

Na hapo, wenzangu, bima ikaamka. Gari la wagonjwa, sawa. Picha, sawa. Chuma cha nyonga, sawa, idhini ilikuja kabla Salma hajamaliza kujaza jina. Daktari wa mifupa, daktari wa moyo, chumba chenye kitanda kinachopanda na kushuka kwa kidude. Kilichokataliwa kilikuwa mimi, na bakuli la uji.

Nilikwenda kumwona baada ya zamu. Mikono yake ilikuwa imefungwa kwenye kitanda kwa vitambaa laini, maana aling'oa mipira ya dawa. Muuguzi, msichana wa Kihindi aliyechoka kama sisi, akaniuliza kama naielewa lugha ya mgonjwa.

"Anapiga kelele neno moja siku tatu. Tunampa dawa ya kumtuliza. Anasemaje?"

Nikasikiliza. Nikamtafsiria: alikuwa anaomba apelekwe chooni.

Muuguzi alikwenda dirishani akasimama. Sikumlaumu. Wodi nzima ilikuwa na wazee, na kila mmoja alikuwa akiita kwa lugha ya utotoni mwake.

Salma alikuja kila jioni. Mchana hakuweza, kwa sababu akikosa kazi anapoteza viza, na akipoteza viza kile chuma na kile kitanda vinakosa wa kuvilipa. Bibi alifariki mchana. Homa ya mapafu tena. Alikuwa na watu wa kutosha kwenye wodi ile, na hakuna aliyekuwa wake.

Nilitoka kazini na sare yangu nikamkuta Salma kwenye dirisha la malipo, anangoja karatasi za kumchukua mama yake mochari, ghorofa ya chini. Kijana wa dirishani alibofya kompyuta, akatabasamu. Nadhani alizoea watu wanaolia mbele yake wakisikia bili, akafurahi siku moja kuwa na habari nzuri.

"Madam, yote yameidhinishwa. Bima imelipa."

"Yote?" Salma akauliza.

"Yote kabisa. Huna unachodaiwa."

"Shukran, kaka," Salma akasema. Alisema kwa adabu, kama amepewa andazi.

Mimi ndiye niliyepasuka. Nilimtukana yule kijana kwa Kiswahili, kwa Kibukusu, kwa lugha zote isipokuwa aliyoielewa. Nilipiga kioo na kiganja. Nilimwuliza zilikuwa wapi hizo pesa wakati mama alikuwa anahitaji mtu mmoja tu wa kukaa naye. Watu waliokuwa kwenye viti wakainuka. Askari wa mlangoni akaja mbio, kaka Mganda, akanishika bega polepole.

"Dada, tafadhali. Mimi nimekuelewa, huyu hajakuelewa. Jina la kampuni liko mgongoni kwako, watawapigia simu. Utapoteza kazi."

"Kazi gani?"

"Dada, una mtoto?"

"Ninaye."

"Basi nyamaza kwa ajili yake."

Nikafungua vifungo vya ile sare palepale, nikabaki na fulana, nikamkabidhi askari. Aliishika hajui aifanyie nini. Nilikuwa nataka kuendelea kupiga kelele, nilikuwa nayo mengi. Salma akanigusa mkono.

"Mama Neema, twende," akasema. "Mama yuko peke yake huko chini."